Mwisho wa Mfereji

Maji ya Mkula hayana siri. Yanashuka kutoka misitu ya Udzungwa yakiwa bado na baridi ya mlimani, yanafika banioni, yanageuzwa kuingia mfereji mkuu, kisha yanagawanywa kidogo kidogo, mlango baada ya mlango, mpaka jaruba la mwisho. Mwenye jaruba la mwisho hana haja ya kusomewa taarifa ya uongozi. Alfajiri anakunja suruali, anapita juu ya tuta na jembe begani, anainama kuangalia tope. Likiwa limeanza kupasuka, yeye anajua yaliyotokea usiku: kuna mtu wa juu aliyefungua mlango nje ya zamu yake, na kuna kiongozi aliyepita, akaona, akanyamaza, maana aliyefungua ni shemeji yake.

Mkutano huja baadaye. Watu huketi kivulini, kitabu cha mihtasari hufunguliwa, maneno huwa mengi. Swali gumu kuliko yote huwa fupi, na mara nyingi huulizwa na mtu aliyekaa nyuma kabisa: "Mwenyekiti, jaruba lako liko wapi?"

Kama liko karibu na banio, kila atakalosema kuhusu uvumilivu litasikika kama porojo.

Mkula ni kijiji cha barabarani. Anayetoka Mikumi kwenda Ifakara huvuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, hupita katikati ya miwa ya kiwanda cha sukari, kisha huandamana na mlima mkono wa kulia na bonde mkono wa kushoto. Vijiji vimeshonwa kando ya barabara kama shanga, Sanje, Mkula na Mang'ula zikiwa chini kabisa ya msitu, halafu Mwaya, Kisawasawa, Kiberege, mpaka Kibaoni na Ifakara yenyewe. Huko juu ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990. Huku chini ni Bonde la Kilombero, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zinazolindwa. Mto wake hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huzaliwa. Mwanakijiji wa Mkula amebanwa kati ya msitu asioruhusiwa kuukata na mafuriko asiyoweza kuyazuia, na kipande anachobaki nacho katikati lazima akigawane na wenzake. Katika mazingira ya namna hiyo, tabia ya kiongozi ni jambo la chakula.

Na swali la jaruba lake liko wapi ni la zamani bondeni kuliko mfereji wowote.

Karne mbili zilizopita, sehemu kubwa ya bonde haikuwa na mtemi mmoja wa kuogopwa. Wandamba waliishi na mto, wakivua na kusafiri kwa mitumbwi. Wapogoro walikaa upande wa Mahenge na kwenye miinuko. Mambo yao yaliamuliwa na wakubwa wa koo na wazee. Ardhi ilikuwa tele, watu wachache. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya uongozi. Mkubwa aliyezidisha ukali, aliyekula kesi kwa upendeleo, au aliyezuia ghala wakati wa njaa, hakupinduliwa kwa vita. Aliamka siku moja akakuta mahame: vibanda vitupu, majivu yaliyopoa, mitumbwi haipo. Watu walikuwa wamehamia kwa mjomba, ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo kusikiliza hakukuwa hisani. Mtawala aliyejua kuketi asubuhi nzima akisikiliza ugomvi wa mbuzi mmoja, bila kupandisha sauti, alikuwa analinda utajiri wake, maana utajiri wake ulikuwa watu. Nafaka iliyoingia kwake kama heshima ilitakiwa itoke tena, kama pombe ya kazi, kama chakula cha wageni, kama akiba ya mwezi wa njaa. Ghala lililopokea bila kutoa lilisemwa. Wapo wanaopenda kuzisimulia enzi hizo kana kwamba watawala wake walizaliwa na busara. Huenda walikuwemo waliozaliwa nayo; wengi walifundishwa kiasi na miguu ya watu wao.

Shule hiyo ilivurugika nusu ya pili ya karne ya 19. Wambunga, watu waliojifunza vita katika mivurugano ya Wangoni huko kusini, waliingia bondeni na kukita makazi upande wa Ifakara na Kiberege. Juu ya milima, Wahehe walikuwa wameunganishwa na Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa. Mtengera, mtawala wa Wabena, alibanwa na Wahehe hao mpaka akashuka na watu wake bondeni, na ndipo likazaliwa kundi ambalo watu wa nje waliliita Wabena wa mitoni. Katika nyakati kama hizo mtu hamkimbii mkubwa mkali. Anamtafuta, kwa sababu ana mikuki. Woga ukiingia, miguu hupoteza nguvu yake, na mtawala hupata ruhusa ya kuwa mbabe ambayo baba yake hakuwa nayo.

Kiwanga, aliyekuja kushika utawala wa Wabena hao wa bondeni, ndiye mtu ambaye kila mjadala wa heshima na uongozi Kilombero hukwama kwake.

Nchi yake ilikuwa upande wa juu wa bonde, mbali na Mkula. Mezani alikuwa na adui wawili: Wahehe mlimani, Wambunga mtoni. Wajerumani walipokuja na bunduki zao aliwaona kama mlango. Mkwawa alikuwa amewafyeka huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wakarudi, wakaivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, wakamwinda mpaka akajiua mwaka 1898. Kiwanga aliwaunga mkono. Kwa mtu ambaye ukoo wake ulifukuzwa na Wahehe kutoka nyanda za juu, uamuzi huo haukuwa wa ajabu. Alimpata mwenye nguvu kuliko adui yake, akasimama nyuma yake.

Kisha ikaja 1905. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na dawa ya maji ikasafiri kutoka kijiji hadi kijiji ikivuka makabila ambayo jana yalikuwa yanavamiana. Wapogoro waliinywa. Wambunga, wale wale waliowahi kuwa tishio la bonde zima, nao wakaingia. Tarehe 30 Agosti walishuka kwa maelfu kwenye boma la Mahenge na kukutana na bombomu, kama wazee walivyoziita bunduki za rashasha. Waliokufa mbele ya boma lile hawakuhesabiwa vizuri na mtu yeyote. Wapiganaji wa Kiwanga walikuwa upande wa boma.

Jaruba lake lilikuwa wapi? Anayemtetea atasema lilikuwa mahali pale pale lilipokuwa siku zote, kwa watu wake: aliwaepusha na moto uliowateketeza majirani, na njaa iliyofuata vita hivyo, ambayo iliua zaidi ya risasi. Makadirio ya rasmi ya Wajerumani yalitaja watu 75,000 waliokufa katika eneo lote la vita. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona idadi hiyo ni ndogo mno, akaipeleka kati ya 250,000 na 300,000. Mbele ya tarakimu kama hizo, mtawala aliyeokoa kijiji kimoja ana la kusema. Lakini anayemshitaki naye ana lake: siku ile bonde lilipojaribu kwa mara ya kwanza kusimama pamoja, yeye alichungulia kutoka upande wa wenye bunduki. Mwandishi wa makala haya haoni njia ya kumsafisha wala ya kumtupa. Alikuwa mwaminifu kwa watu waliomzunguka, na upeo wa uaminifu wake uliishia mpakani mwake. Viongozi wengi wa leo, ukiwapima vizuri, upeo wao hauvuki hapo, na hawajawahi kuzungukwa na mikuki.

Kuna jambo lililobadilisha tabia ya uongozi kuliko vita vyenyewe. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilihitaji mtu wa kuikusanya. Pwani na maeneo mengi ya kusini mtu huyo alikuwa akida, mara nyingi mtu wa pwani anayejua kusoma, aliyepelekwa kutawala watu wasio wake. Chini yake jumbe. Bara, kama huku, aliyetumika mara nyingi alikuwa mtawala wa asili mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mkubwa alikuwa na bwana ambaye hakuweza kukimbiwa, na watu wake nao hawakuwa na pa kuhamia, kwani kodi iliwasubiri ng'ambo ya mto pia. Mahame hayakuwa tena hukumu.

Waingereza waliopokea nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilipa jambo hilo sura ya sheria. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, aliwarudisha watemi kwenye viti vyao, akawapa mahakama, hazina ndogo na mshahara. Wengi waliona ni heshima imerejeshwa. Ukitazama karibu, heshima ilirudi ikiwa imekatwa mshipa mmoja. Mtemi wa zamani alipokea nafaka na kuirudisha. Huyu mpya alipokea shilingi kila mwezi, na shilingi ilikuwa yake. Yule wa zamani alilala vibaya akisikia watu wananung'unika. Huyu alilala vibaya akisikia gari la bwana shauri.

Ndani ya mpango huo alikuwepo mtu mmoja anayestahili kutazamwa: Towegale Kiwanga, mtema, yaani mtemi, wa Wabena wa bondeni. Mwaka 1935 ilichapishwa London kazi ya ofisa wa utawala A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick, Ubena of the Rivers, yaani Ubena wa mitoni. Vitabu vya aina hiyo vilikuwa vingi wakati ule: mzungu anauliza, mwenyeji anajibu, jina la mwenyeji linapotea. Hiki kina sura iliyoandikwa na Towegale mwenyewe, na jina lake liko kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Mtawala ambaye cheo chake kilitegemea ridhaa ya serikali ya kigeni alishika kalamu kueleza watu wake kwa maneno yake, katika kitabu ambacho kingesomwa na mabwana wa mabwana zake. Ni namna ya kusimama wima pasipo kurusha mkuki. Tena ni namna yenye mipaka yake, kwani mkulima wa bondeni hakukisoma kitabu hicho, na kodi yake haikupungua senti.

Uhuru ulipokuja, utaratibu huo wote ulifutwa kwa mkupuo. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa imejenga matawi mpaka vijijini. Mwaka 1963 vyeo vya watemi viliondolewa kisheria katika Tanganyika nzima. Aliyeongoza hatua hiyo, Julius Nyerere, alikuwa yeye mwenyewe mtoto wa mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alijua alichokuwa anakivunja.

Alichojaribu kukijenga badala yake hakijasimuliwa vya kutosha vijijini. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi na kukijenga chama. Mwaka huo huo akatoa kijitabu chembamba, Tujisahihishe. Humo hakuwafokea wakoloni, aliwageukia wenzake. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa ubinafsi: ile tabia ya kiongozi kupima kila jambo kwa kuuliza litamfaa yeye nini, na kuona kila anayemkosoa ni adui. Kwa chama kilichoshinda jana tu, kujikagua hadharani namna hiyo kulihitaji moyo. Na aliendelea. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza chuoni, kisha akakata mshahara wake na wa mawaziri kwa asilimia 20. Ukali huo uliwaumiza vijana. Angalau ulianzia mezani kwake pia.

Mapema Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asijifiche nyuma ya jina la mwenzake, iliandikwa kwamba kiongozi ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Shemeji hakutajwa, na kila mtu wa Mkula angeweza kuwaambia walioandika kwamba hapo wameacha mlango wazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliongeza mambo ya moyoni: ulikataza majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kwa miaka miwili iliyofuata waligoma hapa na pale wakiutaja Mwongozo huo dhidi ya mameneja wao.

Hata salamu zilibadilika. "Bwana" na "mheshimiwa" zikawekwa kando, kila mtu akawa "ndugu": ndugu waziri, ndugu katibu, ndugu mwenyekiti. Neno peke yake halitengenezi tabia. Hata hivyo mzee aliyemwita jumbe "bwana" akiwa amevua kofia, sasa alimwita mwenyekiti wa kijiji "ndugu" akiwa amekaa, na kukaa huko kulikuwa na maana.

Bondeni, miaka hiyo ilifika ikiwa na treni. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na Wachina walikuwa na kambi kubwa Mang'ula, jirani kabisa na Mkula. Vijiji vya ujamaa vilipangwa kandokando ya reli na barabara. Kimoja hadi leo kinaitwa Msolwa Ujamaa. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji uhai wa kisheria na halmashauri yenye wajumbe 25. Ndipo kosa la Waingereza likarudi kwa mlango mwingine. Mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Amri ya kuhama, amri ya ekari za kulima, zilitoka juu zikapita mdomoni mwake. Wapo waliozipunguza makali njiani, wakamruhusu mjane avune kwanza kisha ahame. Wapo waliozipokea na kuziongezea chumvi. Wote walikuwa na kadi moja na walikula kiapo kimoja, kile cha kukiri kwamba cheo ni dhamana.

Miiko yenyewe iliishi miaka 24. Mwaka 1991 kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar kiliilegeza, na watu wakaliita tukio hilo Azimio la Zanzibar, kwa kejeli kidogo. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, ambayo inawataka kutangaza mali na madeni yao kwa sekretarieti ya maadili. Neno "mheshimiwa" lilikwisha kurudi, na limeshamiri kweli kweli; siku hizi hata diwani huchukia akisahauliwa kuitwa hivyo.

Mwenyekiti wa kijiji hayumo miongoni mwa wanaosumbuliwa na fomu za mali. Yeye ana muhuri.

Anayetaka kujua uongozi wa bondeni leo aende ofisi yoyote ya kijiji asubuhi ya siku ya kazi. Meza moja, mabenchi mawili, kalenda ya mwaka jana, kopo la kalamu zisizoandika, na kidau cha wino wa zambarau ambacho kifuniko chake kilipotea zamani. Kijana anataka barua ya utambulisho. Mama anataka mumewe aitwe. Mtu mgeni, kakaa pembeni, hasemi shida yake mbele za watu. Anasubiri chumba kitulie. Huyo ndiye wa kuangaliwa. Mara nyingi anataka ardhi.

Kilombero ilivuta wageni kwa miongo mingi, wakata miwa, wajenzi wa reli, wakulima wa mpunga, kisha wafugaji na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mwaka 2012 serikali iliendesha Operesheni Okoa Bonde la Kilombero kuondoa mifugo, na majeraha yake bado yanazungumzwa pande zote mbili. Katika vijiji vingi maneno yalikuwa yale yale: nani aliwakaribisha, kwa muhuri wa nani? Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iko wazi kwamba ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti peke yake. Halmashauri huisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu lazima uridhie. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Mkutano mkuu unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Karatasi imefunga milango karibu yote. Uliobaki wazi ni ule wa chumba kikitulia.

Tena kuna ujumbe ambao mwenyekiti hakuuandika lakini lazima aubebe. Wanawake wa vijiji vya chini ya Udzungwa walizoea kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Waliofuta hawakupika kwa kuni hizo, na aliyesimama mbele ya akina mama kueleza alikuwa jirani yao. Jumbe wa wakati wa kodi angeitambua hali hiyo mara moja.

Turudi mferejini, kwa sababu huko kumetokea jambo jipya. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Mkula, kama wenzao katika skimu nyingine za Morogoro, wamefundishwa kilimo shadidi cha mpunga. Miche huhamishwa kitaluni ikiwa michanga, ya siku 8 hadi 12, ikapandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimeta 25 kwa 25, kwa kamba iliyofungwa mafundo. Mbegu inayotumika ni kidogo sana kuliko ya zamani. Na maji hayaachwi yasimame muda wote: jaruba hulowekwa, huachwa likauke mpaka nyufa nyembamba zionekane, kisha hulowekwa tena, ili mizizi ipate hewa na mche utoe machipukizi mengi.

Hapo hesabu yote ya zamani imevurugika. Ule ufa katika tope, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ushahidi wa wizi, sasa unaweza kuwa ushahidi wa utaalamu. Macho hayatoshi tena. Kinachotofautisha ufa wa ratiba na ufa wa dhuluma ni daftari la zamu na mtu anayelishika. Mgawa maji akiandika kwamba upande wa chini utakaushwa mpaka Alhamisi, wa chini lazima aamini kwamba Alhamisi maji yatakuja kweli, na wa juu lazima aamini kwamba akifunga mlango wake leo hatacheka mwingine. Mkulima mzee aliyezoea kufurika jaruba lake kama akiba hatakubali kuliacha likauke hata siku moja, mpaka amjue vizuri anayeshika lile daftari: anakunywa wapi, anamdai nani, alimtoza faini ndugu yake aliyekosa siku ya kusafisha mfereji, au alimwandikia "mgonjwa".

Katika skimu za namna hii wapo wagawa maji ambao wenzao huwachagua makusudi kutoka upande wa chini. Sababu haielezwi kwenye katiba ya umoja wala haihitaji. Mtu ambaye jaruba lake ni la mwisho hawezi kunywesha mpunga wake kabla hajanywesha wa watu wote, na usiku wa zamu yake utamkuta na tochi akipanda mfereji mlango kwa mlango, akifunga mmoja, akisikiliza, akifunga mwingine, mpaka mlio wa maji uanze kusogea kuelekea chini, kwake.

Alfajiri mwenye jaruba la mwisho amekwishafika kwenye tuta. Tope limepasuka. Anaingiza kidole katika ufa, kinafika kwenye kifundo cha kwanza, na ndani bado kuna unyevu. Anahesabu siku kwa vidole vya mkono mwingine, kisha anaketi juu ya mpini wa jembe, uso ameuelekeza banioni, anasubiri.